Ripoti yangu ya mbuzi ya nazi imerudishwa na wino mwekundu. Niandike upya au nishikilie?

Binti wa Langoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumanne. Nasomea digrii ya tiba ya kazi, mwaka wa tatu, chuo kiko Nairobi, kwetu ni hapa Amu. Na kabla hamjauliza, hapana, tiba ya kazi si kumtibu mvivu. Ami yangu aliniuliza hivyo mbele ya baraza zima, na mpaka leo nikipita pale nasikia, "Daktari, huyu hapa hataki kazi, mchome sindano." Watanzania husema tiba kwa vitendo, na naona wao walibahatika na jina. Maana yake ni kwamba mtu akipata kiharusi au ajali, au mtoto akizaliwa na mtindio wa ubongo, sisi hutazama mambo anayotaka kuyafanya siku kwa siku, kuanzia kula, kuvaa na kuoga hadi kuandika na kushona nyavu, tukamtafutia njia ya kuyafanya tena. Mtu wa fiziotherapia atashughulika na bega. Mimi nashughulika na bega likiwa linatafuta mkono wa shati.

Mhula huu niko nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Shirikisho la dunia la taaluma yetu linataka mwanafunzi awe amefanya saa zisizopungua 1,000 na wagonjwa, chini ya msimamizi, kabla hajahitimu. Katika saa hizo nimepewa mgonjwa mmoja nimwandikie ripoti ndefu yenye uchambuzi wa shughuli: unachukua kitendo kimoja, unakivunja vipande vipande, unaonyesha kila kipande kinadai nini mwilini na akilini, na mgonjwa amekwama wapi.

Nitamwita Bi Mkubwa. Ameniruhusu kumwandika, na mambo kadhaa nimeyageuza asitambulikane. Ana miaka sitini na kitu. Kiharusi kilimshika upande wa kulia miezi minne iliyopita, na ulimi ulikuwa mzito lakini sasa anasema taratibu na anaeleweka. Nyumba yake ni ya mawe, ya zamani, ya ghorofa, kama mnavyozijua: kizingiti cha mlangoni kinafika katikati ya muundi, vidato 17 kupanda juu (nimevihesabu mara tatu), kila kidato na kimo chake, na jiko liko juu kabisa chini ya makuti. Tangu augue analala chini, chumba kilichokuwa cha kuwekea magunia.

Nilimpima kwa kipimo cha Barthel. Ni kipimo cha 1965, mambo kumi ya kujihudumia, jumla alama 100. Alipata 65. Ngazi alipata sufuri. Kuoga sufuri, maana bintiye humwogesha. Kutembea 10 kati ya 15, kwa kuwa lazima ashikwe mkono. Kula alipata 10, alama zote, kwa sababu anakula mwenyewe kwa kijiko, mkono wa kushoto, chumbani kwake, pazia limeshushwa, na akimaliza anaita sahani iondolewe. Kujipamba 5, alama zote pia.

Sasa ripoti. Nilichagua kukuna nazi. Niliikalia mbuzi asubuhi nzima nikikuna na kujiandika, mama akanipita mara mbili asiseme kitu, mara ya tatu akauliza kama nimetoka Nairobi salama. Lakini hebu itazameni kazi yenyewe. Unakaa shibiri moja tu kutoka sakafuni, magoti juu, uzito wako ndio unaozuia kiti kisicheze. Kiwiliwili kinainama na kurudi. Kiganja cha kulia kinajikunja kama kikombe kushika kifuu, cha kushoto kinasaidia kuzungusha, na kifundo cha mkono kinakata nusu duara, kinarudi, kinakata tena. Sikio nalo linafanya kazi: meno yakiwa ndani ya nyama ya nazi mlio ni laini, yakigusa kifuu unakuwa mkwaruzo, na hapo unazungusha upesi, la sivyo nazi inaingia ukahawia. Nusu nazi moja ilinitoa mikwaruzo 146. Niliandika kurasa tisa. Naapa sijapata kuandika kitu kizuri namna ile.

Imerudi na wino mwekundu. "Shughuli hii si salama kwa mgonjwa huyu, na si ya kawaida katika tathmini. Chagua nyingine, mfano kuandaa chai au sandwichi." Na pembeni, karibu na kichwa cha habari, alama ya kuuliza, baadaye nikajua mhadhiri alidhani mgonjwa wangu anafuga mbuzi.

Sandwichi! Bi Mkubwa hajatengeneza sandwichi maishani mwake. Nimeshindwa hata kulala. Tunafundishwa kila siku kwamba shughuli lazima iwe na maana kwa mtu na mahali pake, kisha ukileta ya mahali pako unaambiwa si ya kawaida. Nina siku kumi. Niandike upya ya chai nipate alama zangu, au niirudishe hii hii na barua ya kujitetea? Waliosomea haya, na hata wasiosomea, nisaidieni.

Mpita Njia

Miaka minne chuoni kusomea kukuna nazi. Nyanya yangu basi ni profesa.

Halafu si kuna mashine ya kukunia pale sokoni? Mpeleke huyo bibi mashineni mambo yaishe.

Binti wa Langoni

Mpita Njia, nyanya yako ni profesa kweli, sijui kwa nini unalisema kama mzaha. Na mashine iko sokoni, mgonjwa wangu hawezi kuvuka kizingiti cha mlango wake. Ukipata njia ya kumfikisha sokoni niite, nitakuandika wewe badala ya mbuzi.

Oti wa Malindi

Waaleikum salaam, binti yangu.

Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na kidogo, kwanza kwa diploma, digrii nikaja kuisoma ukubwani, nikikaa darasani na watoto wa rika la wanangu. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikachukua kalamu.

Nianze na la kukutuliza. Anayekuambia kwamba kazi za mikono za nyumbani hazina nafasi katika taaluma hii amesahau ilikozaliwa. Machi 1917, mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, watu sita walikutana wakaunda chama. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu wa majengo, na mwenyewe alikuwa amepooza upande wa kushoto. Alikuwa amejaribu tiba hii mwilini mwake, kwa kulima bustani na kufanya useremala. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoleta majeruhi, hospitali zilijaa vikapu, vitambaa vya kufuma na vipande vya mbao. Yaani wazee wetu wa taaluma walianza na ukili wa kwao. Mbuzi yako ingewafurahisha.

La pili halitakufurahisha. Mhadhiri wako amekosea kwenye sandwichi, lakini kwenye usalama hajakosea. Umetuambia kuhusu mlio, kimo cha kiti, mikwaruzo 146. Hukutuambia mkono wa kulia wa Bi Mkubwa unahisi kiasi gani. Umemgusa kwa pamba akiwa amefumba macho? Anajua gumba lake liko wapi? Mkono usiohisi ukikutana na meno ya mbuzi hautamwambia mwenyewe chochote mpaka nazi iwe nyekundu. Kama ulimpima na hukuandika, kosa dogo. Kama hukumpima, hapo wino mwekundu una haki yake.

La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ulimuuliza?

Nimetafuta katika maelezo yako yote mahali Bi Mkubwa anaposema, "Nataka kukuna nazi." Sikupaona. Nimeona wewe umeipenda mbuzi, na mama yako amekushangaa. Jikoni kuko vidato 17 juu, naye hapandi. Wali wa nyumba ile unapikwa na mtu, na nazi inakunwa na mtu, miezi minne sasa. Pengine hilo linamuuma, pengine limempumzisha. Hatujui, na ripoti ya kurasa tisa haijui.

Nitakupa langu nililolificha muda mrefu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipata mvuvi wa hapa Malindi, mkono wa kulia umelegea baada ya kiharusi. Nilikuwa na ubao wangu wa vifungo, mzuri, nimeushona mwenyewe, vifungo vikubwa juu na vidogo chini. Wiki sita nilimfunza kufunga vifungo. Akaja akafaulu, tena kwa mkono mmoja! Siku ya kumuaga nikamwambia sasa baba utavaa mashati yako bila kusumbua mtu. Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Mwanangu, mimi nina shati moja, la Idi. Siku zote navaa fulana na kikoi." Wiki sita, na kikoi hajui kukifunga kwa mkono mmoja, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Sasa rudi usome ulichoandika wewe mwenyewe kuhusu kula. Alama 10, zote. Kisha ukaongeza, kama mtu anayepita: chumbani kwake, pazia limeshushwa. Binti yangu, mwanamke wa Amu mwenye wajukuu anakula peke yake nyuma ya pazia, na kipimo kinasema hapa hapana shida. Barthel haina kosa, iliundwa kujua kama mtu anahitaji kusaidiwa kufikisha chakula kinywani, basi. Haikuuliza anakula na nani.

Kuna kipimo kingine, cha Kanada, cha 1991, bila shaka mmefundishwa. Hakina mashine wala ubao. Mgonjwa anataja mwenyewe mambo yanayomsumbua, anayapa umuhimu kuanzia 1 hadi 10, kisha anachagua yasiyozidi matano na kwa kila moja anasema analifanya vizuri kiasi gani na ameridhika kiasi gani, 1 hadi 10 vilevile. Kaa naye bila bintiye chumbani, maana mbele ya wanawe atajibu ya kuwapendeza. Muulize. Akitaja mbuzi, rudisha ripoti yako kifua mbele, na mimi nitakusaidia kuandika barua. Asipoitaja, hiyo chai nayo usiiandike.

Fundi wa Matondoni

Salaam dada, na salaam mzee wa Malindi (kama ni mzee, kama ni mama niwie radhi).

Mimi sikusoma haya mambo lakini nina mtoto. Kijana wangu ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo, na ndiye aliyenifunza jina la kazi yenu. Mtaalamu alikuja na kliniki ya siku moja, akatwambia mtoto asilazwe mgongoni mchana kutwa, akalishwe akiwa ameketi: nyonga pembe mraba, goti pembe mraba, kifundo cha mguu pembe mraba. Nikamwambia hiyo ni lugha yangu, mimi nachonga majahazi. Akacheka.

Alitufunza kutengeneza kiti kwa makaratasi. Njia imetoka Zimbabwe, alisema. Unachukua maboksi, unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, unayakandamiza, yakikauka ni magumu kama mbao, unakata unavyotaka. Mke wangu na dada zake walibandika siku nne. Kiti kikatoka kizuri, tukakipaka rangi ya samawati, mtoto akakaa akatuona usoni sote kwa mara ya kwanza akiwa wima. Sitaisahau siku ile.

Panya walikila. Sitanii. Uji wa unga ule, na sisi tulikuwa tumesahau kupaka vanishi upande wa chini, na unyevu wa huku unaujua. Tuliamka asubuhi tukakuta mguu mmoja hauna kisigino.

Basi nikachukua vipimo vya kile kile, nikakichonga kwa mbao iliyobaki kwenye mashua ya mtu. Miaka miwili sasa kipo. Ila nilikosea jambo moja, na ndilo nalotaka kukwambia. Nilikichonga kikubwa, nikasema mtoto atakua. Mtu mwingine aliyekuja baada ya mwaka akanieleza kuwa kiti kikubwa kwa mtoto kama yule ni kama kutokuwa na kiti, anateleza ubavuni na mgongo unapinda. Mwaka mzima hakuna aliyetutazama! Ningekuwa na mtu wa kumwonyesha hata kila miezi mitatu, ningekipunguza kwa saa moja tu.

Kiti cha magurudumu tulipewa pia. Matondoni ni mchanga. Sasa hivi kimewekwa mitungi ya maji.

Kwa hivyo mimi ripoti sijui, lakini ukimaliza digrii usitukimbie. Na kama huyo bibi anahitaji kitu cha mbao, sema vipimo.

Kidato cha Nne Mpeketoni

Habari dada. Nimesoma hii mada yote na nimependa. Je, alama gani zinahitajika, na masomo gani? Nimependa bayolojia lakini fizikia inanipiga chenga.

Binti wa Langoni

Mdogo wangu, kuingia chuo kikuu kwa digrii ni wastani wa C+ kwenda juu, diploma huanzia chini ya hapo. Bayolojia na kemia usizichezee, kisha hesabu au fizikia na lugha, lakini kila chuo kina masharti yake, kwa hivyo yasome kwenye mfumo wa KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, kabla hujachagua. Ada ombea mkopo wa HELB mapema. Mwaka wa kwanza utasoma anatomia mpaka uote mifupa ya mkono, minane ya kifundo peke yake. Mwaka wa pili utafunzwa kutengeneza banzi la mkono kwa plastiki inayolainika kwenye maji moto, na utaunguza vidole. Kisha saikolojia, maana mgonjwa wa akili naye ni wetu. Mengine nitakuandikia faraghani.

Oti wa Malindi, nimekusoma nikafunga simu. Nikafungua tena nikakusoma. Kesho naenda.

Mpita Njia

Mimi nilikuja kucheka, sasa nasubiri kujua huyo bibi atasema nini. Mtuambie.

Binti wa Langoni

Samahani kwa kukawia, zimepita siku tano.

Kwanza pamba. Nilimfumba macho nikamgusa. Kiganja anahisi, kidole cha shahada anahisi nusu, gumba hajui kabisa kama limeguswa. Nilikuwa sijapima. Nimeandika hivyo kwenye ripoti, kwa sentensi moja, na iliniuma kuiandika.

Kisha nikangoja bintiye aende sokoni, nikakaa naye kitandani na karatasi yangu. Nikaanza kwa hila, lazima nikiri, nikamuuliza kuhusu nazi kwanza. Umuhimu, kuanzia 1 hadi 10? Akanyoosha vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akasema, "Nimekuna nazi tangu sijavunja ungo. Leo anakuna mjukuu wangu, na mimi nimelala. Wataka kunirudisha mbuzini, nimekukosea nini?"

Kurasa tisa, wana jukwaa.

Nikamuuliza basi lipi. Alinyamaza muda mrefu nikadhani maneno yamemkimbia, kama yanavyomkimbia wakati mwingine. Akaniambia sinia. Ijumaa wajukuu wote huja baada ya swala, sinia mbili za wali zinawekwa mkekani, na yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia nyama, kila mtoto na kipande chake, anajua nani hapendi mafuta. Sasa anawasikia kupitia pazia. Umuhimu 10. Anaweza kiasi gani? 2. Ameridhika? Akasema hakuna sufuri? Nikamwambia inaanzia 1. Akasema basi 1.

Nilimuuliza kwa nini asiwe anakaa nao na kijiko chake cha kushoto. Akautazama ule mkono. "Mkono huu ndio wa chooni, mwanangu. Nitautia siniani watoto wa watu wanakula?" Nikamwambia hii ni dharura, dini haina uzito huo. Akasema anajua, shehe alikuja kumwona akamwambia inafaa. "Shehe amesema inafaa. Lakini shehe hatakula nami."

Sikuwa na la kujibu na sikujibu.

Mengine aliyotaja ni kutawadha bila kushikwa (10, anaweza 5), na kupanda juu awaone majirani darini (8, anaweza 1). Kwenye Barthel hakuna swala wala sinia. Mwenyewe nilikuwa nimeandika 10 kwenye kula nikapita.

Basi nimeandika upya. Shughuli niliyochagua ni kula kwa mkono wa kulia katika sinia, na nimeivunja kama nilivyoivunja mbuzi, safari hii nikiwa naye. Oti wa Malindi utanisahihisha. Nimepanga vyakula kwa ugumu wa kushika: kwanza mahamri, kwa sababu ni makubwa, yanashikwa na kiganja kizima na hayahitaji gumba, kisha mkate wa mofa, unaohitaji kubana, kisha sima, inayofinyangika na kubaki ilipo, wali mwisho kabisa, maana wali unatoroka hata kwangu. Kwa kuwa gumba halihisi, nimemfunza kulitazama kila anapobana, na chakula kisiwe cha moto. Kabla ya kula ninamnyoosha vidole taratibu, vimeanza kujikunja ndani. Kiwiko lazima kipate pa kuegemea. Hapo mkekani ndipo palinishinda: akikaa chini anainamia kulia, na kumnyanyua ni kazi ya watu wawili.

Fundi wa Matondoni alijua sana kabla yangu. Nilimtumia vipimo: kiti kifupi chenye mgongo na mbavu, na meza ya kimo cha goti ya kuweka sinia, wajukuu wakae mkekani kuizunguka. Alileta jana kwa mashua, hataki pesa, nimempa mama yake samaki.

Siku ya kwanza ya mahamri yalianguka matatu. La nne lilifika mdomoni, likagonga kidevu kwanza. Hakucheka wala hakulia, alisema, "Limepoa."

Ripoti nimeituma usiku wa kuamkia leo, na kipimo cha kuhisi kiko ukurasa wa kwanza. Mbuzi nimeibakiza aya moja, kueleza kwa nini niliiacha. Jibu bado.

Leo asubuhi tulijaribu na mjukuu mmoja, wa miaka saba, mahamri na mbaazi, pazia limefungwa pembeni kwa kamba. Bi Mkubwa alichovya, mkono ukatetemeka, mbaazi zikamwagikia leso yake na nyingine mezani upande wa mtoto. Mtoto akaziokota zile za upande wake kwa hamri, akala, akaendelea kumsimulia punda aliyeangukia baharini Jumapili.

Fundi, meza ipungue vidole viwili. Goti linagusa.

Fundi wa Matondoni

Jumamosi nakuja na randa.